Siku Nzima Nikitazamwa na Schönberg

Asubuhi ya Novemba, Vienna inanukia kahawa na makoti yaliyonyeshewa. Upepo wa uwanja wa Schwarzenbergplatz hauna adabu: unaingia mikononi mwa koti bila hodi. Nilikimbilia mgahawani, nikaagiza Melange, kahawa yenye povu la maziwa. Kwetu pwani kahawa huja na kashata. Hapa ilikuja na bilauri ya maji juu ya sinia, na hakuna aliyeniharakisha ninyanyuke.

Nilikuja kumwona Arnold Schönberg, mtunzi aliyezaliwa jijini humu mwaka 1874 na aliyezipa noti zote 12 hadhi sawa, pasiwe na ya kuzitawala nyingine. Kumwona, si kumsikiliza, kwani bwana huyu alishika pia brashi.

Arnold Schönberg Center imo katika jumba la Palais Fanto, papo hapo uwanjani. Nililizunguka jumba nikitafuta mlango, kumbe umejificha mtaa wa pembeni, Zaunergasse. Kijana wa mapokezi alicheka kwa upole, akanipokea kwa “Grüß Gott”, salamu yao yenye Mungu ndani yake. Humo kimepangwa upya chumba chake cha kazi cha Los Angeles, jiji alikoishia baada ya Wanazi kumwondoa kazini Berlin mwaka 1933. Zipo karata alizochora mwenyewe, na chesi aliyoibuni ichezwe na watu wanne.

Halafu picha. Ile ya mwaka 1910 ina uso wake wa samawati, na macho yanayokuganda popote usimamapo. Nyingine aliziita “Blick”, yaani mtazamo: mashavu na midomo vimeyeyuka, macho tu yamebaki. Alipozionyesha mwaka huohuo katika duka la vitabu la Heller, mtunzi mwenzake Gustav Mahler alinunua baadhi kwa siri, ili kumwauni rafiki.

Mchana nilitembea hadi Karlsplatz nikibanjua Maroni, chestinati za kuchoma, ndani ya karatasi iliyosokotwa kama ya njugu za Forodhani, kwetu pwani. Muuzaji aliona vidole vyangu vinavyotetemeka, akaniongezea tatu. Katika Wien Museum, Schönberg amechorwa na Richard Gerstl, kijana aliyemfundisha uchoraji. Kiangazi cha 1908 Gerstl na Mathilde, mke wa Schönberg, walipendana. Novemba ileile Gerstl alijiua, akiwa na miaka 25. Ukilijua hilo, unaitazama picha kwa sauti ya chini.

Jioni nikapanda tramu ya 71. Wenyeji husema marehemu “amepanda 71”, maana inakwenda Zentralfriedhof, makaburi yaliyofunguliwa mwaka uleule aliozaliwa Schönberg. Nilishuka lango la kwanza, nikakosea. Bibi mmoja mwenye maua alinishika kiwiko, akanipeleka hadi la pili, akinieleza mengi kwa Kijerumani ambacho nilielewa robo yake.

Kaburi la Schönberg ni mchemraba mweupe wa mchongaji Fritz Wotruba, umeinama kama uliosahauliwa ukianguka. Hauna sura wala jicho. Nikaikumbuka picha aliyojichora mwaka 1911: anatembea, katupa mgongo. Baada ya kunikodolea macho kutwa, mzee alikuwa ameniaga.

Kituoni nikamkuta yule bibi. Tukagawana Maroni za mwisho, zimeshapoa.