Spika za Nyuma

Wateja wangu wengi walinunua spika sita ili watazame filamu zenye sauti mbili. Nimesomesha watoto kwa tofauti hiyo, kwa hiyo siwacheki.

Ufundi niliuanzia kwenye redio na deki za VHS, katika kibanda cha Kariakoo, chini ya mzee aliyetaka kijana ashike bisibisi na kufunga mdomo. Deki ya kanda ilikuwa kazi ya mikono: unasafisha kichwa kwa spiriti, unabadilisha mpira uliolegea, unanasua kanda iliyotafunwa. Zilipoingia diski, VCD kwanza na DVD baadaye, kazi ilihama. Mashine ilikuwa nzima, tatizo liko mgongoni mwake, kwenye yale matundu ya rangi rangi. Ndipo nikaanza kuitwa majumbani: Sinza, Mikocheni, hadi Masaki, ambako mlinzi anakuandika getini kabla hujasema umefuata nini.

Amplifaya za hom thieta nilizokutana nazo mwanzoni ziliwafikia wenyewe kupitia ndugu wa ng'ambo. Zilizotoka Maskati hazikunisumbua, maana umeme wa Oman ni wa volti 240, unaokaribiana na wetu. Mtumba wa Japani ulitengenezwa kwa volti 100, wa Marekani kwa 120, na hapa kwetu ukutani inatoka 230. Kwa hiyo nilizoea kugeuza mashine na kusoma kibandiko kabla ya salamu kwisha. Kuna nyumba ambazo sikuhitaji kusoma. Harufu ilinipokea mlangoni.

Mzee mmoja wa Sinza alinipokea kwa hasira. "Fundi, hizi spika za nyuma nimeuziwa mbovu."

Nikachukua betri ndogo ya volti moja na nusu, nikagusisha waya za spika. Koni ikaruka mbele, spika ikatoa mlio mfupi. Ya pili vivyo hivyo.

"Hazina ugonjwa, mzee. Hazijaletewa kitu."

Deki yake ilikuwa imeungwa kwa waya mbili, nyekundu na nyeupe. Waya hizo zinabeba kulia na kushoto, basi. Diski ya DVD inaweza kuwa na sauti sita ndani yake: tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya mngurumo ambayo kazi yake ni sabufa. Ili zifike zote sita, ama deki izifungue yenyewe na kuzitoa kwa waya sita, ama izipeleke zikiwa zimefungwa katika waya mmoja wa dijitali, amplifaya ndiyo ifungue. Waya huo ni wa shaba, au ule wa mwanga ambao Toshiba waliuleta mwaka 1983. Wa mwanga niliupenda kwa sababu haufichi hali yake: ukichomoa ncha ya upande wa amplifaya unauona wekundu, au huuoni. Niliwahi kuvushwa mji mzima kwenda kuondoa kifuniko cha plastiki ambacho mwenye nyumba hakujua kwamba kinavuliwa.

Kwa mzee wa Sinza waya peke yake haukutosha. Deki nyingi za Kichina zilikuwa na ukurasa wa sauti wenye maneno SPDIF/PCM na SPDIF/RAW. Ikiachwa kwenye PCM, deki inakamua sauti sita ziwe mbili ndipo inazituma, na amplifaya haina namna ya kuzirudisha zilivyokuwa. Nikaweka RAW. Kwenye kioo cha amplifaya ikawaka alama ya Dolby Digital, na mvua ya kwenye filamu ikaanza kunyesha hadi nyuma ya kochi. Mzee aligeuka kutazama dirisha.

Furaha hiyo ilidumu hadi alipotia diski anayoipenda, filamu ya ngumi ya Hong Kong iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na msimulizi Lufufu. Nyuma kimya tena. Ilikuwa VCD, na VCD kwa umbile lake haibebi zaidi ya sauti mbili. Hata hizo Lufufu alikuwa amezifunika kwa maelezo yake. Amplifaya ilikuwa na Pro Logic, inayochuja sauti mbili na kurusha kidogo nyuma, nayo haikuniridhisha. Msimulizi akae katikati, chini ya televisheni. Sauti ya Lufufu ikitokea mgongoni ni kama mgeni aliyeingia bila hodi. Nilimweleza hivyo, akakubali, ingawa nadhani alikubali kwa sababu ya neno hodi.

HDMI ilipozoeleka ilininyang'anya sehemu ya kazi hii. Waya mmoja, picha na sauti pamoja. Toleo la 1.3, la mwaka 2006, liliruhusu hata zile sauti nzito za Blu-ray, ambazo waya wa mwanga hauziwezi. Sikununa. Kupanga spika kulibaki kwangu: kupima umbali wa kila moja hadi kwenye kochi na kuuandika kwenye menyu, kwa kuwa sauti huenda mita kama 340 kwa sekunde na spika iliyo karibu lazima icheleweshwe kidogo iwasubiri wenzake.

Hesabu hizo mwenye kauli ya mwisho alikuwa mama mwenye nyumba. Huko Mikocheni niliitwa tena katika nyumba niliyokuwa nimeimaliza vizuri. Nikakuta spika zote zimepangwa mbele kwenye kabati, juu ya kila moja kitambaa cha kufuma.

"Waya zilikuwa zinapita kwenye zulia langu, fundi," akasema mama.

"Nimekuelewa, mama."

Baba alikuwa amesimama nyuma yake, kimya, akitazama dari. Nilichukua rimoti, nikaiambia amplifaya kwamba nyumba hii haina spika za nyuma ili sauti zake zigawiwe za mbele, nikang'oa waya mbili za ziada, nikadai nauli.