Baba Hakutaka Kuachwa Nje ya Barua

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Swima na mzee wa kanisa, na hakujua kusoma. Wenzake wengi wa rika lake huku Fizi, mashariki mwa Kongo, hawakujua. Uasi wa 1964 ulipofika, masomo yalikatika, wamisionari wakaondoka, na jamaa zetu wakapanda milimani na watoto wao. Mwaka 1965, Che Guevara na Wakuba wake walipokuwa huko juu pamoja na watu wa Laurent-Désiré Kabila, baba alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, analala porini. Jina la Che alikuja kulisikia kwangu, tayari ana mvi. Alichokumbuka yeye ni baridi, na sauti ya babu. Babu alikuwa mwalimu wa kanisa, lakini vitabu vilikuwa vimebaki bondeni, basi alimfundisha zaburi kwa masikio, mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini, maana kelele zingeweza kuwaita askari.

Kwa hiyo mimi nilipojua kusoma, nilipewa kazi. Usiku wa giza baba alikuwa ziwani na taa zake mpaka alfajiri. Mbalamwezi ikishika, ndagala hawaijali taa, na mitumbwi hupumzika ufukoni. Biblia nyumbani kwetu ikawa inafuata mwezi: siku za nuru tulisoma kila usiku, siku za giza hatukugusa hata ukurasa. Mchungaji hakuupenda utaratibu huo. Baba alimjibu kwamba sadaka anayoipokea Jumapili inavuliwa gizani.

Nilikaa kwenye kigoda, koroboi katikati yetu, yeye anashona wavu uliochanika. Kwenye zaburi sikuweza kumdanganya. Nikiruka mstari ili niwahi kulala, sindano ilisimama, na bila kuinua macho alinitajia nilichokiruka.

Usiku mmoja tulifika kwenye barua ya pili kwa Timotheo, mwanzoni, pale Paulo anapoitaja imani ya bibi yake Timotheo, Loisi, na ya mama yake, Eunike. Sindano ikasimama.

“Rudia.”

Nikarudia.

“Na baba yake?”

Nikatazama juu, nikatazama chini. “Hayupo, baba.”

“Mtafute.”

Ilinichukua siku kadhaa, na mwalimu wa shule ya Jumapili akanisaidia. Tulimpata kwenye Matendo ya Mitume, mlango wa 16: mama ni Myahudi aliyeamini, baba ni Myunani, basi. Hana jina, wala neno lake halikuandikwa. Nilipompelekea baba habari hiyo alicheka sana, akamwita mama aje asikie. Baadaye, amekwisha kurudi kwenye wavu wake, akasema, “Mimi sitaki kuachwa nje ya barua.”

Asiyeijua Swima anaweza kuliona hilo ni jambo dogo. Enzi zile ukiingia kanisani ungekuta mabenchi ya akina mama yamejaa hadi mlangoni, na upande wa wanaume una nafasi ya kulala. Dini ya watoto ilikuwa kazi ya mama, kama kukoka moto wa jikoni. Akina baba walitoa ruhusa, wakatoa sadaka, wakaenda zao ufukoni. Sikumbuki rafiki yangu mwingine aliyeulizwa na baba yake jana amesoma nini.

Na baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza niliposimama kusoma mbele ya kanisa zima, nilikwama kwenye jina Nebukadneza. Nikalijaribu, likanikatalia, vijana wa korali wakaanza kucheka. Kutoka benchi la wazee nikasikia sauti yake, kubwa, kama anamwita mtu wa mtumbwi mwingine: “Endelea, tunasikia.” Kicheko kikakatika. Nikamaliza sura, jina lile nikalitamka vibaya mpaka mwisho.

Mwezi wa kumi 1996 Uvira ilianguka mikononi mwa waasi wa AFDL, na vita vikashuka na barabara ya ziwa kuja kwetu. Tukavuka ziwa. Safari yenyewe siisimulii, wengine wameisimulia vizuri kuliko mimi. Tulifika Kigoma, Tanzania, na kutoka hapo tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu.

Nyarugusu hakuna ziwa. Chakula kilikuja kwa kadi: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, nasi ni watu wa bukari wa muhogo na samaki. Mtu aliyezoea kurudi asubuhi na ndoo ya ndagala, watoto wakamkimbilia, sasa hakuwa na cha kurudi nacho. Alilala ndani ya hema. Akina baba wengi walikuwa hivyo. Wengine walikimbilia pombe, wengine walirudi ng'ambo kupigana. Mimi nikaacha kanisa, nikashika mpira na ugomvi.

Jioni moja akaniita. “Leta kitabu.”

“Kilibaki Swima.”

“Kaazime.”

Nikazunguka mahema, nikarudi na Biblia isiyo na Mwanzo wala Kutoka, imefungwa kwa uzi. Mbalamwezi haikutuhusu tena. Tulisoma kila siku kabla jua halijazama, kwa kuwa mafuta ya taa hatukuwa nayo. Muda si mrefu akajiunga na wanaume waliofyatua matofali ya kanisa, mimi nikabeba maji. Akikanyaga udongo aliniuliza maana ya tulichosoma jana. Siku moja nilimwambia siamini kama Mungu alituona tulipokuwa ziwani. Nilingoja kofi. Akasema, “Mwambie yeye, si mimi. Ukimaliza, leta maji mengine.”

Nilimwambia kweli, kwa miaka. Sikumbuki ni lini niliacha kumgombeza nikaanza kumwomba.

Mwaka 2005 meli za HCR, shirika la wakimbizi, zilipoanza kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka, baba hakukawia kujiandikisha. Alirudi Swima, akavua tena kidogo, akafia kwake.

Kaka yangu mkubwa, aliyepelekwa Marekani kutoka kambini, haikubali hadithi yangu. Anasema nampamba baba: aliyesimama foleni na kadi ya chakula ni mama, aliyetuamsha Jumapili ni mama, baba alilala hemani muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ni kweli, na hapo sina la kumjibu. Tumebishana hivyo kwenye simu tangu mazishi.

Juzi juzi alinipigia akitoka kazini, zamu ya usiku, akaniuliza ile barua ilikuwa ipi. Nikamwambia ya pili kwa Timotheo, mlango wa kwanza. Akasema ataitafuta kwa Kiingereza, maana wanawe Kiswahili hawakisomi.