Gari Lenye Homa ya Mchana

Wengi wenu mnalijua gari la baba, lile la buluu lenye mlango wa kusukuma, ambalo mlikuwa mkilicheka muhula wa kwanza likikohoa karibu na lango la shule. Sikuwakasirikia. Lilistahili kuchekwa. Lakini kwetu nyumbani hakuna aliyecheka, maana gari hilo ndilo jembe letu. Lilitengenezwa Japani mwaka 1997 na lina viti saba. Alfajiri hubeba sukuma wiki na viazi kutoka Bahati hadi sokoni Nakuru, na mchana hukodishwa na watu wanaokwenda harusini au matangani. Viti vya nyuma hung'olewa alfajiri na kurudishwa mchana. Kazi hiyo ni yangu, na ndiyo sababu wengine huniona nikiingia darasani na grisi kwenye kucha.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Asubuhi liliwaka mara moja, likaenda kama ua. Jua likishapanda, lilianza kutetemeka, likatoa moshi mweusi, kisha likazima katikati ya barabara. Ukilifungulia boneti na kungoja kama dakika ishirini hivi, lilikubali kuwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Mama aliliita gari lenye homa ya mchana.

Baba alilipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisikiliza kidogo tu akasema, "Mzee, hii ni plagi." Plagi zikabadilishwa. Wa pili akasema koili, kisha pampu ya mafuta. Wa tatu alibadilisha sensa mbili, akaapa kwamba sasa baba anaweza kwenda hata Malaba bila kusimama. Hatukufika hata Subukia. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na gogo letu lilikuwa limekwisha: shilingi 20,600 pamoja na ujira, katika miezi miwili. Pesa zangu za chakula cha mchana zikaingia deni. Dada yangu aliye shule ya bweni alikaa nyumbani siku tisa baada ya wenzake kurudi. Dalali mmoja alikuja akalizunguka gari, akapiga teke gurudumu, akasema atatoa elfu sitini, alikate alipime kwa kilo kama chuma chakavu. Baba hakumjibu, lakini pia hakumfukuza. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Sisemi mafundi hao ni wezi. Nadhani wengi wao walijifunza kazi kwa magari ya kabureta, ambayo ukiyasikiliza vizuri yanakueleza yanapoumwa. Haya yetu yana kompyuta. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo uitwao Motronic, sanduku moja lililosimamia mafuta na cheche kwa pamoja, na gari la kwanza kulipata lilikuwa BMW 732i. Tangu hapo desturi hiyo ikaenea. Hapa kwetu mafundi huliita kontroli boksi. Letu limejificha nyuma ya droo ya dashibodi, ukubwa wake kama kitabu cha Fizikia. Husoma habari kutoka kwa sensa: injini ina joto gani, hewa inaingia kwa kiasi gani, dereva amekanyaga vipi. Kisha huamua kila nozeli imwage mafuta kiasi gani na cheche ipigwe saa ngapi. Ili sensa hizo zizungumze, nyingi hulishwa umeme na boksi lenyewe, na umeme huo ni volti 5 kamili. Volti hizo zikipungua, sensa zote hudanganya kwa pamoja, na boksi linamwaga mafuta ovyo likidhani linafanya haki.

Hayo nimeyajua kwa sababu ya mjomba. Yeye si makanika, ni fundi wa redio na televisheni. Alikuja kutujulia hali, akamkuta baba ameshika tama. "Shemeji," akasema, "umenunua spea nyingi. Kuna mtu yeyote amepima chochote?" Baba akanyamaza. Hakuna aliyekuwa amepima.

Jumamosi mjomba akaja na mita yake, nami nikawa msaidizi. Alianza na vitu vya bei rahisi. Betri ilikuwa volti 12.6, na injini ikiunguruma ikafika 14.1. Nzuri. Akapima nyaya za athi zinazofungwa kwenye injini na bodi, tukazikwangua kutu na kuzikaza. Halafu akaunganisha matundu mawili kwa waya mfupi ndani ya kisanduku kilicho karibu na betri, na ile taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Nilihesabu mipepeso nikaandika namba daftarini. Magari yanayouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa na tundu la aina moja la kusomea kuanzia yale ya mwaka 1996. Letu lina mtindo wake wa kizamani, lakini linasema kweli. Lilitaja sensa tatu kwa mkupuo, mbili kati yake zikiwa zile mpya. "Sensa tatu haziwezi kufa siku moja," mjomba akasema. "Ukiona nyumba tatu gizani, usibadilishe balbu. Angalia nguzo."

Akapima ile nguzo. Gari likiwa baridi, volti 5.0. Tukazunguka nalo mpaka likaanza kutetemeka, tukapima tena: volti 3.4. Akachomoa sensa moja moja, huenda moja ilikuwa ikivuta umeme chini. Mita haikusogea. Nyaya nazo tukazipima toka mwanzo hadi mwisho, nzima. Basi shutuma zote zikaelekea kwenye boksi.

Hapo ndipo aliponituma kwa mama, ambaye ana kibanda cha ususi, nilete mashine ya kukaushia nywele. Majirani walidhani tumerukwa na akili. Injini ilikuwa imepoa kabisa asubuhi ya pili, imezimwa, swichi tu ndiyo imewashwa. Mjomba akalipulizia boksi peke yake hewa ya moto, mimi nikashika mita. Tano. Nne na nusu. Nne. Tatu na nusu. Akazima mashine, tukalipepea kwa kadi ya daftari, namba zikapanda polepole. Nilipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Tulipolifungua, harufu ya samaki waliooza ilitupiga puani. Wenzangu wa kidato cha tatu, mnazikumbuka kapasita za mada ya umemetuli? Zilikuwa hapo, vikopo vidogo vya duara. Mbili zilikuwa zimevuja maji yake, na maji hayo yalikuwa yamekula njia za shaba kwenye bodi. Mjomba alisema kapasita mpya ni bei ya soda, lakini njia zilizolika hawezi kuziamini mteremkoni Subukia kukiwa na watu saba ndani. Afadhali boksi jingine.

Tulikwenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado wanaiita Grogan. Hapo kanuni ni moja: namba iliyoandikwa kwenye boksi lazima ifanane yote. La gia za mkono halifai gari la gia za kujibadilisha, hata kama plagi zake zinaingia. Duka la kwanza walitupa lenye tarakimu ya mwisho tofauti, wakatuambia "ni ile ile tu." Mjomba akalirudisha. Duka la nne tukalipata, limetumika Japani, shilingi 9,500 baada ya kubishana. Aliomba lifunguliwe kifuniko, akalinusa kama mama anunuaye samaki. Muuzaji alicheka hadi machozi. Gari letu ni la zamani, halina ulinzi wa ufunguo wa elektroniki. Yenye ulinzi huo, boksi jipya lisipojulishwa ufunguo wako, injini haiwaki.

Kulifunga kulichukua dakika arobaini. Tulifungua kwanza waya wa hasi wa betri, tukagusa chuma kutoa umeme wa mwilini, boliti nne, plagi tatu, basi. Injini ilipowaka ilipandapanda kidogo kama inayotafuta sauti, kisha ikatulia.

Baba hakushangilia. Alingoja saa saba mchana, jua la utosini, akatupakia sote na magunia manne ya viazi, tukapanda mlima wa Subukia bila kusimama hata mara moja. Kule juu akazima injini mwenyewe, akakaa kimya, akaiwasha tena. Kisha akampigia dalali simu akamwambia asije.

Boksi bovu mjomba alinipa. Mwalimu wa Fizikia amelikubali, liko maabarani kwenye rafu ya chini, upande wa dirisha. Anayetaka kuziona kapasita zilizovuja aniite. Harufu bado ipo.