Mgeni wa Siku ya Tatu

Msafiri wa siku chache hutafuta ya kutazama; msafiri wa miezi mingi hana budi kutafuta ya kutenda. Wa kwanza huweza kuishi kwa ukarimu wa wenyeji, akala asichopika, akalala asipotandika, kisha akaondoka na shukrani mdomoni. Wa pili hawezi. Wahenga walitoa siku mbili tu za ugeni, na ya tatu wakaagiza mgeni apewe jembe. Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naiona kuwa heshima pia, kwa sababu mtu hapewi jembe mpaka amekwisha hesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba.

Nilikaa miezi saba katika kata ya Manchira, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, si mbali na bwawa lenye jina hilo ambalo maji yake hutumiwa na mji wa Mugumu. Majembe yangu yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa kazi ya riziki: kusahihisha miswada ya vitabu, kazi isiyojali kama mshika kalamu yu Dar es Salaam au yu Manchira, maadamu imefika siku iliyoagizwa. La pili lilikuwa kuzuru shule mbili za msingi, kila moja mara moja kwa juma, na kusoma hadithi pamoja na watoto wa darasa la nne. La tatu lilikuwa maisha yenyewe: maji, kuni, chakula, kujulia hali wagonjwa, mazishi, arusi, na mazungumzo ya jioni ambayo mtu akiyakosa huulizwa kesho yake kama ana homa.

Siku ina saa 24, na kuzigawa kwa tatu ni hesabu ya mtoto. Lakini saa hazifanani, wala haziko zote mkononi mwa msafiri. Saa za asubuhi ni za shule na za shamba. Saa za jioni ni za moto wa jikoni na za jirani. Zinazobaki kwa kalamu ni zile ambazo hakuna mwingine azitakaye, yaani usiku na alfajiri. Atakaye kugawa siku yake sawasawa, kana kwamba anakata mkate, atagundua upesi kwamba kisu kimeshikwa na watu wengine.

Katika majembe hayo, lililohitaji uangalifu mkubwa lilikuwa la shule. Ziara ya shule ina gharama ambayo mzuru haioni kwa urahisi. Kwanza yatakiwa ruhusa ya halmashauri. Kisha mwalimu mkuu huacha darasa lake ampokee mgeni. Kitabu cha wageni hufunguliwa. Kiti hutolewa ofisini. Watoto husimama na kuamkia kwa sauti moja. Robo saa imekwisha, nayo imetoka katika somo la watoto ambao hawakuulizwa. Mgeni huondoka akidhani ametoa, kumbe amepokea. Dawa ya jambo hili ni mazoea. Mzuru afike siku ile ile na saa ile ile, mpaka kufika kwake kusiwe tukio tena. Juma la kwanza darasa zima lilisimama. Juma la sita walinitazama kama watazamavyo kengele, na mwalimu wa Kiswahili alikuwa amekwisha iweka saa yangu katika andalio lake la somo.

Lakini mazoea huzaa deni. Wengi wa watoto wale huzungumza nyumbani Kikuria, Kingoreme, Kiikoma au lugha nyingine ya jirani, na hadithi ya Kiswahili ni kazi kwao kama ilivyo furaha. Mmoja wao, mvulana mdogo wa kimo, alikuwa akibadilishana zamu na kaka yake kuchunga ng'ombe. Niliambiwa na mwalimu wake kwamba mtoto huyo amepatana na kaka yake ili Jumatano isimwangukie machungani kamwe. Tangu siku hiyo nilijua kwamba Jumatano yangu si yangu peke yangu.

Jumanne moja jioni ilikuja habari kwamba mzee wa jirani amefariki, naye atazikwa kesho. Kesho ilikuwa Jumatano ya shule. Mswada niliokuwa nao ulitakiwa Alhamisi asubuhi, na kurasa zilizosalia zilikuwa nyingi. Majembe matatu yaliniita kwa siku moja.

Hapo haifai kuuliza ni kazi ipi kubwa, maana kila kazi ni kubwa machoni mwa mwenyewe. Swali lifaalo ni hili: ipi haiwezi kungoja, na ikingoja, ni nani atakayelipa gharama ya kungoja? Maiti hangoji. Mtoto aweza kungoja kama ameambiwa mapema; asipoambiwa, hulipa yeye. Kazi ya riziki huweza kuhamishwa usiku, na alipaye ni mfanya kazi mwenyewe. Nilikwenda jioni ile ile nyumbani kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu. Kesho tuna msiba kwa jirani. Naomba nije Ijumaa, saa ile ile."

"Marahaba. Poleni sana," alisema. "Umefanya vema kusema leo. Wageni wengi hutuambia baada ya siku kupita."

Habari zilipelekwa na watoto wa njia ile, na mvulana yule akabadilisha zamu yake. Tulimzika mzee. Usiku niliwasha taa ya jua nikasahihisha mpaka jogoo wa pili. Deni lililobaki lilikuwa la usingizi, nalo lilikuwa langu.

Mkoa wa Mara unao mfano mkubwa zaidi. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa mwalimu huko Pugu na papo hapo rais wa TANU tangu chama hicho kilipoundwa Julai 1954. Machi 1955 alisafiri mpaka New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimpasa kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akauacha ualimu, akarejea kwao Mara kwa miezi kadhaa. Watu husifu ujasiri wa uamuzi ule. Mimi nausifu pia kwa uadilifu wake kwa darasa. Ziko kazi mbili ambazo hakuna kati yake iwezayo kungoja. Mwenye kuzing'ang'ania zote huwalipisha wanafunzi bei ya safari zake.

Miaka 19 baadaye, Novemba 1974, mji wa Musoma ulitoa jina lake kwa azimio lililotaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliokuwa wamemaliza shule ya msingi walichukuliwa wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na ya redio, wakikaa vijijini na kushiriki maisha ya huko. Yasemwe yatakayosemwa juu ya haraka ya mpango ule, jambo moja lilikuwa sahihi: muda wa kujifunza uliwekwa ndani ya kazi, haukuachiwa bahati. Mzigo wa namna tatu huchukulika ikiwa kila upande una saa yake inayojulikana na watu wote.

Safari ndefu ina mwisho, na mwisho wake pia ni wa watu wengi. Mwezi mmoja kabla ya kuondoka niliwaambia watoto tarehe yangu, na majuma yaliyobaki mwalimu wao alisoma nusu ya hadithi nami nusu, kisha akasoma yote nami nikasikiliza. Jembe la mgeni ni mali ya mwenye nyumba. Anayeondoka hulirudisha, na ni vema alirudishe likiwa na mpini imara, ili kesho yake asubuhi kazi iendelee bila yeye.