Robo ya Sauti na Mkono wa Tatu

Leo naziweka kando programu za simu na hifadhidata, niwaletee habari ya gitaa. Msinikimbie, tarakilishi itaingia tu. Kwangu haikosi.

Ami yangu, nduguye baba mdogo, alipiga gitaa la umeme kwenye taarabu za harusi hapa Mombasa kwa miaka mingi. Gitaa lenyewe ni la Kijapani, la miaka ya 1970, jina la kampuni limebanduka kichwani na rangi yake imegeuka kama chai ya maziwa. Miaka mitatu iliyopita alipatwa na kiharusi. Alhamdulillahi alisimama, na sasa anatembea kutoka Kibokoni hadi Marikiti bila bakora, lakini mkono wa kushoto haukurudi wote. Kubana nyuzi anaweza. Kuzivuta hawezi.

Kwa asiyepiga gitaa: kuvuta ni kuusukuma uzi upande kwa kidole hali umeubana, ukaze zaidi, sauti ipande. Kwa mpigaji wa roki hilo ni pambo. Kwa ami ni lazima, na sababu ni freti, vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa. Kila freti ni nusu sauti, 12 kwa oktava, basi. Udi hauna freti. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeifanya Mombasa kwao, alikuwa akiweka kidole popote sikio lilipomwambia, na ndivyo mpiga udi anavyoipata robo ya sauti katika maqamu za Kiarabu kama rasti na bayati. Kuna noti baina ya E flati na E ambayo gitaa halina mlango wake. Nyimbo zilizofuata filamu za Kihindi haziitegemei noti hiyo, kwa hiyo ami aliendelea nazo. Nyingine zote alizitundika ukutani pamoja na gitaa.

Watu walimshauri anunue kinanda cha umeme. Ushauri si mbaya. Vinanda vilivyotengenezewa soko la Waarabu vina vitufe vya robo ya sauti, na hata kinanda cha kawaida kina gurudumu la kupinda sauti ambalo katika itifaki ya MIDI, ya mwaka 1983, lina hatua 16,384. Ami alisikiliza, akanywa kahawa yake, akanigeukia mimi. "Wewe mwanangu si ulisomea tarakilishi? Nitengezee mkono basi."

Nikaingia mtandaoni kutafuta mkono. Nikaangukia Marekani, kwenye muziki wa kantri, ule ule wa Jim Reeves ambao wazee wengi wa Kenya wanaujua kwa moyo. Kilio kile chembamba kinachopanda taratibu nyuma ya mwimbaji wa kantri mara nyingi hutoka kwa gitaa la kulala, lenye kanyagio za mguu zinazovuta nyuzi. Mpigaji Clarence White alitaka kilio hicho kwenye gitaa la kawaida la umeme. Siku moja studioni mikono yake miwili ilikuwa imejaa kazi, akamwomba mwenzake Gene Parsons amvutie uzi. Parsons alikuwa mpiga ngoma, lakini pia fundi wa vyuma. White akataka mkono wa tatu wa kudumu. Parsons alifikiria kanyagio, White akazikataa. Mwaka 1967 au karibu na hapo kikapatikana kifaa kilichofichwa ndani ya gitaa la Fender Telecaster la mwaka 1954.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Mkanda wa begani haufungwi kwenye kitufe cha kawaida, unafungwa kwenye wenzo wenye springi. Ukiisukuma shingo ya gitaa chini, mkanda unauvuta wenzo, wenzo unavuta vyuma vilivyo ndani ya mwili wa gitaa, navyo vinaukaza uzi wa pili kutoka B hadi C shapu, sauti nzima. Ukiachia, springi inaurudisha. Wapigaji wanakiita B-Bender, nacho hata Jimmy Page wa Led Zeppelin alikitumia.

Lile gitaa la kwanza lilichimbwa vibaya sana. Vyuma vilikuwa vingi hata mgongoni likaongezwa mbao, likawa nene kuliko ndugu zake. Kwa mkusanyaji wa magitaa ya zamani hilo ni kama kumkuta mtu anatoboa mlango wa Kiswahili wa Mji wa Kale atie kitasa cha umeme. Lakini hakuna Telecaster ya 1954 isiyoguswa inayotajwa kama hiyo. White aligongwa na dereva mlevi mwaka 1973, akafa akiwa na miaka 29, rika langu mimi. Mwaka 1980 mjane wake alimuuzia Marty Stuart gitaa lile, na Stuart amekuwa akipanda nalo jukwaani miaka yote.

Kilichonisimamisha kwenye michoro ya kifaa hicho ni skrubu ndogo inayoamua wenzo uishie wapi. Sauti hupanda kwa kipeuo cha pili cha mkazo, kwa hiyo kuupandisha uzi sauti nzima kunahitaji mkazo uongezeke kama asilimia 26. Robo ya sauti inahitaji asilimia 6 tu. Maana yake, kifaa cha Wamarekani kinaweza kupiga rasti. Unakaza skrubu wenzo uishie mapema, unabana freti ya 4 ya uzi wa pili, yaani E flati, unavuta, na ile noti isiyo na mlango inatoka.

Nilipoileta habari hii nyumbani, binti yake ami, binamu yangu, hakutaka hata kuona michoro. "Gitaa hili halitobolewi. Sare zangu za shule zilitoka humu." Ami alikuwa tayari kutoboa siku hiyo hiyo, na mimi, nakiri, nilikuwa upande wake, kwa hoja ya Clarence White. Binamu akajibu kwamba White alikuwa na Parsons, sisi tuna nani? Hilo sikuwa na jibu lake.

Tena kulikuwa na jambo la kawaida kabisa: mpiga taarabu hukaa. Ami hajawahi kuvaa mkanda maishani mwake. Kifaa cha begani kingemfaa nini mtu aliye kitini? Vipo vya aina nyingine, vinavyofungwa juu bila kuchimba, vingine husukumwa kwa nyonga na vingine kwa kiganja cha mkono wa kulia. Mkono wa kulia wa ami ni mzima. Nikaenda kwa fundi wa chuma Mwembe Tayari na mchoro wa penseli: bamba linaloshikwa na skrubu mbili zilezile za daraja la gitaa, wenzo mfupi wa kiganja, springi ya breki ya baiskeli, na skrubu ya kikomo. Tundu jipya hata moja hakuna. Binamu alisimama akitazama tukifunga.

Sasa tarakilishi. Niliandika programu ndogo ya kupima sauti. Njia inayokuja kwanza akilini ni hesabu ya Fourier, lakini kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na dirisha la sampuli 4,096, kila chumba kina upana wa karibu hezi 10.8. Uzi wa pili ukiwa wazi ni hezi 246.9, na robo ya sauti juu yake ni 254.2. Tofauti ni hezi 7.3, ndogo kuliko chumba kimoja! Basi nikatumia njia ya kuulinganisha mkondo wa sauti na nakala yake iliyocheleweshwa, ukitafuta ni ucheleweshaji gani unavilinganisha. Hapo mzunguko mmoja ni sampuli 178.6 na mwingine 173.5, zinatenganika vizuri. Jaribio la kwanza sauti ilipanda sawasawa ikakataa kurudi, ikakwama hezi 249. Uzi ulikuwa unang'ang'ania pale unapoingia kichwani. Unga wa penseli kwenye mfereji wake, kwisha.

Nikakaza kikomo kwenye senti 50 kamili, nusu ya nusu sauti kama vitabu vinavyosema, nikampa ami. Akapiga, akakunja uso. "Hii ni ya tarakilishi." Akachukua bisibisi akaigeuza skrubu mwenyewe, anapiga, anageuza, mpaka akaridhika. Nikapima: senti 44. Akahamia bayati akakunja uso tena, kwa sababu katika bayati noti hiyo hiyo hukaa chini zaidi. Nilianza kuchora kikomo cha hatua mbili. Kabla sijamaliza mchoro alikuwa ameshaacha kuufikisha wenzo mwisho: rasti anabonyeza mpaka kwenye skrubu, bayati anaishia njiani, kwenye senti 35 hivi, na kiganja kinajua. Wiki ya tatu mchoro wangu niliutupa.

Nyimbo nne zimeshuka kutoka ukutani hadi sasa. Hewa ya chumvi ya hapa kisiwani imeshaanza kuila springi ya baiskeli, inakwaruza kidogo ikirudi. Nimeagiza ya chuma kisichoshika kutu.