Karanga za Basavanagudi

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Kartika, ambayo katika kalenda yetu huangukia Novemba au mwanzoni mwa Desemba, barabara ya Bull Temple Road jijini Bengaluru hunyang'anywa magari na kupewa karanga. Hilo ndilo gulio la Kadalekai Parishe. Ukiwa na siku moja tu ya kulitazama jiji hili ambalo dunia inalijua kwa kompyuta, ningekushauri uitumie hapo, mtaa wa Basavanagudi, kabla ya kwenda kuona jengo lolote la vioo.

Karanga zimemwagwa juu ya maturubai pande zote mbili za njia, chungu baada ya chungu. Zipo mbichi ambazo maganda yake bado yana udongo wa shambani, zipo za kuchemsha na chumvi zinazofuka mvuke sufuriani, zipo zinazokaangwa kwenye mchanga wa moto huku wanunuzi wamezunguka wakisubiri. Wauzaji wametoka Kolar, Chikkaballapur na Mandya. Wengine wamevuka kutoka majimbo jirani ya Tamil Nadu na Andhra Pradesh. Wanalala hapohapo juu ya magunia, baba, mama na watoto. Katikati yao zimebanwa meza za bangili, miwa, vinyago vya udongo na mashada ya asumini. Bibi aliyesuka maua kwenye nywele anapigana vikumbo na kijana mwenye kitambulisho cha kampuni shingoni, na wote wawili wanatema maganda chini bila haya.

Mama niliyenunua kwake, ambaye kila mteja alimwita amma, alipima kwa kopo mpaka zikafurika, kisha akaweka nyongeza ya konzi moja. Nilimpa noti. Aliyekuwa nyuma yangu hakutoa noti: alielekeza simu kwenye kibao chenye alama za mraba, na kisanduku kidogo kando ya karanga kikatangaza kwa Kikannada kiasi kilichoingia. Mama hakugeuza hata shingo, alikuwa ameshaanza kumpimia mwingine. Sisi tuliozoea M-Pesa tangu 2008 hatushangazwi na pesa ya simu. Kilichonigusa ni namna mfumo wao, UPI, ulioanza mwaka 2016, ulivyojengwa: ni njia moja ya wote, mwenye akaunti benki hii anamlipa mwenye akaunti benki ile papo hapo, na mnunuzi wa karanga za rupia ishirini hakatwi kitu. Hakuna kampuni ya simu inayoishikilia. Muuza karanga anaitumia njia ileile inayotumiwa na tajiri.

Sababu ya gulio wanaisimulia hivi. Enzi hizo hapa palikuwa na vijiji, Sunkenahalli, Guttahalli, Mavalli, Dasarahalli, na wote walilima karanga. Usiku fahali akawa anaingia mashambani na kula. Wakulima wakamvizia, mmoja akampiga rungu, na fahali akageuka jiwe palepale. Wakaingiwa na hofu na toba. Hekalu likajengwa, nao wakaahidi kumletea mavuno ya kwanza ya kila mwaka. Wanasema jiwe liliendelea kukua, mpaka likapigiliwa chuma kwenye paji la uso ndipo likatulia. Hekalu lenyewe linahusishwa na Kempe Gowda, mtawala aliyeuanzisha mji mwaka 1537, na fahali yumo ndani, amechongwa kwenye mwamba mmoja, ana kimo cha zaidi ya mita nne, mweusi kwa mafuta anayopakwa. Nilisimama mbele yake nikiwa na kifuko changu cha karanga, na kuhani alipoona kifuko akanyoosha mkono kuchukua fungu la fahali.

Mashamba ya vijiji hivyo vinne yamekwisha zamani. Yamekuwa nyumba, shule, maduka ya hariri. Wanaotimiza ahadi ya wakulima wa Sunkenahalli leo ni wakulima wa mbali, wanaoleta karanga kwa lori, na wakazi wa mjini ambao wengi wao hawajawahi kung'oa shina la karanga. Ahadi inatimizwa hata hivyo. Nilipenda sana jambo hilo.

Mwendo mfupi kutoka hapo, Gandhi Bazaar, ipo mikahawa ambayo foleni yake huanza asubuhi. Vidyarthi Bhavan imekuwa ikipika dosa tangu 1943. Mhudumu hupanga sahani kwenye mkono wake kuanzia kiganjani mpaka karibu na bega, akapita kati ya meza bila kuangusha. Kahawa inakuja kwenye kikombe cha chuma ndani ya kibakuli chake, nzito, yenye maziwa na povu. Inatoka kwenye milima ya jimbo hilihili la Karnataka, Kodagu na Chikkamagaluru. Jimbo hili peke yake hutoa zaidi ya nusu ya kahawa yote ya India. Kwenye migahawa ya bei nafuu hakuna viti. Unalipa, unapewa tiketi, unasimama kwenye meza ndefu na meneja upande mmoja na dereva wa bajaji upande wa pili, na mmalizapo mnapisha wengine.

Kutoka upande huo wa mji nilipanda treni ya metro, Njia ya Manjano iliyofunguliwa Agosti 2025. Inaanzia RV Road na kuishia Bommasandra, kilomita 19 hivi, yote juu ya nguzo. Inapita juu ya makutano ya Silk Board, ambayo foleni yake ni mashuhuri India nzima, na ukichungulia chini unaona kwa nini: mabasi, malori, pikipiki za wapeleka vyakula na bajaji za kijani na manjano zimeshikamana, hakuna anayesogea. Wengi wa vijana hao wa pikipiki wametoka Assam, Odisha na Bihar, safari ya siku mbili au zaidi kwa treni. Mwaka 2025 Karnataka ilitunga sheria ya kuwapatia hifadhi ya jamii wao na madereva wengine wanaopewa kazi na programu za simu. Walistahili kuipata mapema zaidi.

Kwenye behewa hilo alikuwepo mwanafunzi wa Kitanzania. Aliposikia nikizungumza na simu akaja. "Shikamoo, mzee." Nikaitikia, tukakaa pamoja. Anasoma uhandisi, anaujua mji kwa vituo vya metro na kwa majina ya mama lishe wa Kihindi waliomkopesha chakula. Aliniambia pia kwamba kila Mtanzania anayefika husimuliwa na waliomtangulia habari ya Januari 2016: Msudani mmoja aligonga mwanamke kwa gari na kumuua, na kundi la watu likamgeukia binti wa Kitanzania aliyepita baadaye na gari jingine, likampiga na kumdhalilisha barabarani. Hakuhusika na ajali hiyo kwa lolote. Kijana alisimulia bila chuki. Ana marafiki wengi hapa, alisema, ila wakati wa ajali yoyote barabarani huondoka haraka mahali hapo. Nimeliandika jambo hili kwa sababu barabara ni ya wote pale tu kila mtu anapoweza kusimama juu yake.

Treni hufika Electronic City, ambako kampuni za programu zimejipanga nyuma ya mageti yenye walinzi na nyasi zilizokatwa vizuri. Husemwa mara nyingi kwamba kampuni hizo ndizo zilizoujenga mji. Nadhani wasemao hivyo wameanza kuhesabu katikati. Taasisi ya Sayansi ya India ipo hapa tangu 1909, kwa wazo la Jamsetji Tata na ardhi iliyotolewa na ufalme wa Mysore. Kiwanda cha ndege cha Hindustan kilianzishwa 1940. Viwanda vya serikali vya simu na vya vifaa vya elektroniki vikafuata, 1948 na 1954, halafu makao makuu ya shirika la anga, ISRO. Electronic City yenyewe ilibuniwa na shirika la serikali ya jimbo mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kampuni ya programu ya Infosys ilipohamia Bengaluru 1983, na Texas Instruments ya Marekani ilipofungua ofisi 1985, mafundi walikuwa tayari, na watoto wa mafundi walikuwa tayari wamesoma. Kodi ya umma ilipanda mti huo zaidi ya miaka sabini. Watu wa kwetu wanaoota miji ya teknolojia kwa kuanza na majengo wangefaidika kuja kuisoma orodha hiyo ya miaka.

Jumamosi asubuhi bustani ya Cubbon Park, iliyotengwa tangu 1870, hujaa watu wanaosoma. Desturi hiyo ilianza Januari 2023. Hakuna kiingilio wala hotuba. Mtu anakuja na mkeka na kitabu, anachagua kivuli, anasoma. Niliona riwaya za Kikannada, vitabu vya mitihani ya serikali, mtoto na katuni, mzee aliyelala kabisa na gazeti usoni. Ukubwa wa miti pale unamfanya mtu apunguze mwendo. Mikrismasi, ambayo kwetu huwaka Desemba, huku huchanua Aprili na Mei, na mijakaranda hutangulia kabla yake. Mjerumani Gustav Krumbiegel, aliyesimamia bustani za hapa mwanzoni mwa karne ya 20, aliipanga miti ya barabarani ili ipokezane kuchanua.

Kando ya bustani hiyohiyo upo uwanja wa kriketi wa Chinnaswamy. Tarehe 4 Juni 2025 jiji lilimiminika hapo kuipokea timu yake, Royal Challengers, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa ligi usiku uliotangulia baada ya kuusubiri misimu 18. Watu walikuwa wengi kuliko uwezo wa uwanja mara nyingi. Mageti yakawa na msongamano, na watu 11 wakafa kwa kukanyagana, wengi wao vijana. Nilipita kwenye mageti hayo nikaona ni membamba. Mji ambao unaweza kuweka karanga na mamia ya maelfu ya watu kwenye barabara moja kwa siku kadhaa unajua kupokea umati. Siku ile haraka ya sherehe ilishinda ujuzi huo, na waliolipa ni watoto wa watu.

Lakini ukiwauliza wenyeji kinachowanyima usingizi, watakutajia maji. Bengaluru ipo juu, zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na haina mto mkubwa. Ndiyo maana Kempe Gowda na waliomfuata walichimba mabwawa, moja likifurika linamwagia la chini yake, mnyororo mzima mpaka bondeni. Mji ulipokua ukayala. Bwawa la Dharmambudhi sasa ni kituo kikuu cha mabasi, Majestic. Bwawa la Sampangi ni uwanja wa michezo wa Kanteerava. Maji ya bomba yanatoka mto Cauvery, umbali wa kilomita 100 hivi, na husukumwa kwa pampu kupanda karibu nusu kilomita kwenda juu. Mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua kukosekana, karibu nusu ya visima virefu vya serikali mjini vilikauka. Bei ya boza ikapanda, na ikapigwa marufuku kuosha gari kwa maji ya kunywa, faini rupia 5,000. Wahandisi wanaolipwa vizuri walipanga foleni na ndoo pamoja na wafagiaji. Bwawa kubwa la Bellandur, lililo jirani na ofisi za kampuni, lilipokea majitaka kwa miaka mingi mpaka likawa linatoa povu jeupe lililovuka barabara. Februari 2017 liliwaka moto. Maji yaliwaka moto.

Mbele kidogo, Sarjapur Road, lipo bwawa la Kaikondrahalli, ambalo lilikuwa linakufa vivyo hivyo. Wakazi wa pale wakishirikiana na manispaa walilifufua miaka ya kuzunguka 2010: wakatoa tope, wakazuia majitaka, wakapanda miti, wakaacha njia ya miguu kuzunguka. Nilipofika wari walikuwa wametua kwenye kisiwa, na wafuaji na wachungaji wa zamani wa eneo hilo bado walikuwa na upande wao wa kushukia majini. Mzee mmoja mstaafu, aliyeitwa uncle na kila aliyepita akikimbia mazoezi, alinionyesha mfereji ambao mvua ikiwa kubwa bado unaleta majitaka kutoka kwenye maghorofa mapya. Ameshaandika barua nyingi. Anazo nakala zote kwenye faili, na alinitajia idara moja moja, ipi ilijibu na ipi haikujibu.

Akauliza kama kwetu Dar es Salaam tuna kitu kama hiki. Nikamweleza bonde la Msimbazi: mafuriko ya Jangwani, familia zilizolipwa fidia zihame, daraja jipya linalojengwa, na mpango wa bustani kubwa kando ya mto. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikutegemea aulize alichouliza, maana mimi nilikuwa nimejiandaa kutaja gharama na wafadhili. Alitaka kujua bustani hiyo ikishakamilika itakuwa na geti, na kama litakuwepo, funguo atakaa nazo nani.