Deni la Shilingi 200

Siku ile nilivuka bahari mara nne bila kuwa na safari. Napanda pantoni Magogoni, nashuka Kigamboni, narudi kwenye foleni, navuka tena. Kwenye pantoni hakuna anayemtazama mwenzake. Wote wanatazama mbele, tayari kukimbilia daladala kabla lango halijagusa ardhi. Ni mahali pazuri pa kulia, kama unajua kulia bila sauti.

Simu nilikuwa nimeizima na kuiacha chini ya mto. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika tangu nimalize chuo, kazi sina, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Nikapakua programu ya mkopo. Kubali, kubali, kubali. Shilingi 100,000 ziliingia kabla chai haijapoa. Sikujua kwamba mojawapo ya hizo "kubali" ilikuwa ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yangu. Nilipochelewa kulipa siku tatu, ujumbe ulikwenda kwa mjomba, kwa mhadhiri aliyesimamia utafiti wangu, kwa mvulana niliyewahi kumpenda, hadi kwa fundi cherehani: huyu ni mwizi, mwambieni alipe. Nikakopa kwingine nilipe pale, kisha kwingine tena. Mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilikuja kutangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Lakini siku ninayoisimulia ilikuwa kabla ya hapo, na mimi niliamini aibu ile ni yangu peke yangu.

Mzee mwenye baraghashia nilikuwa nimemwona tangu safari ya pili. Safari ya nne alikuja kusimama karibu yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umevuka mara ngapi leo?"

Nilishtuka. "Nne."

"Mimi sita. Nimekushinda."

Tuliposhuka aliniashiria kwa muuza kahawa. Akaagiza vikombe viwili, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mnyamwezi, wa Tabora. Akapiga paja.

"Kumbe mtani! Ndiyo maana unalia baharini. Babu zako walitembea miezi na pembe mabegani, wakafika hapa wakaikimbia bahari. Kuoga tumewafundisha sisi Wazaramo."

Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu. Utani wetu huu ni wa tangu enzi za misafara ya bara na pwani, na hauchagui mahali. Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kucheka msibani. Wengine wakilia, yeye anamsema marehemu kwa ubahili wake, na hakuna wa kumkasirikia.

Kisha akanyamaza, akazungusha kikombe. Mkewe alikuwa amefariki miezi minne nyuma, baada ya ndoa ya miaka 41. Watoto wako mbali. Nyumba imekuwa na ukimya unaosikika.

"Jana nimegawa kuku wangu wote," alisema. "Jirani akaniuliza, unasafiri? Nikamwambia ndiyo."

Nilielewa ni safari gani. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimefagia chumba, nimekunja nguo zote, nimemwandikia mdogo wangu barua. Nikamwambia. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka. Kwetu jambo hili mtaa huliita upungufu wa imani, na Kanuni ya Adhabu inasema kulijaribu ni kosa, kwa hiyo mtu hujifunza kulificha hata kwa wanaompenda.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Babu, yaani ugawe kuku wote, na mtani wako hajala hata paja? Huo ni uchoyo wa Kizaramo."

Alinitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha. Muuza kahawa akajifanya anapuliza makaa.

"Na wewe unadaiwa," alisema alipotulia. "Kahawa na kashata, 200. Mnyamwezi hafi na deni la Mzaramo, tutamfuata mpaka Tabora. Alhamisi, saa kumi, hapahapa."

Siku ile nilikuwa nadaiwa zaidi ya shilingi 400,000. Hiyo 200 ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Alhamisi nilimpa sarafu ya 500. Akapapasa mifuko, akasema hana chenji, kwa hiyo sasa yeye ndiye mdaiwa wangu. Alhamisi iliyofuata akaja na muhogo wa kuchoma, akadai nimezidisha kula. Hesabu yetu haijawahi kulingana tangu hapo.

Mengine yalikwenda polepole. Alinisindikiza kwa mjomba, akamsema kitani mpaka mjomba akacheka, kisha wakakaa kupanga nitakavyolipa. Mjomba alikuwa hajaniita mwizi hata siku moja. Alikuwa anasubiri nipokee simu. Mimi nilimpeleka babu kliniki ya afya ya akili. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akasema atakuja kunisindikiza tu. Tulipofika dirishani tukaandikishwa wote wawili. Mhudumu akaniuliza, huyu ni nani wako? Kabla sijajibu, babu akasema, "Mdai wangu."

Bado kuna asubuhi ninaamka na kifua kizito. Yeye bado anaandaa chai ya watu wawili akisahau. Lakini jirani alimrudishia matetea wawili, na mmoja ameshaatamia. Mimi nafundisha twisheni watoto saba, deni la mwisho nililimaliza mwezi uliopita.

Wiki hii, kwa hesabu zake, namdai 700. Kwa hesabu zangu, yeye ndiye ananidai. Alhamisi tutabishana.